Datsun ya Marehemu Kiarie

Injini iliwaka Jumanne saa nne asubuhi, na kufikia saa nane mchana ukoo mzima wa marehemu Kiarie ulikuwa umekumbuka kwamba marehemu aliacha gari.

Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyelikumbuka. Datsun 240Z ya mzee ilikaa kijijini Bahati nyuma ya zizi, matairi yamezama udongoni, rangi imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva, na kila asubuhi mjane wa marehemu, Mama Tabitha, aliingiza mkono dirishani kuokota mayai. Jamleck, kitinda mimba wake, alipoomba kuichukua, kaka yake Mburu alimwambia, "Chukua hiyo takataka, utusaidie kusafisha boma." Dada yao Sue alicheka mpaka akakohoa. Wote wawili walisaidia kuisukuma ipande lori, na Mburu akadai soda kwa ajili ya jasho lake.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Jamleck alikuwa amepoteza kazi ya karani wa stoo katika shamba la maua, na mtu aliyezoea kuhesabu vitu hawezi kukaa bure. Aliiweka Datsun chini ya mabati mawili uani kwake mtaani Free Area, Nakuru, akaifungua yote, na akajifunza kuifunga upya kwa kutazama Wajapani kwenye simu wakifanya kazi bila kusema neno. Bodi ilichomelewa na Sitati, fundi wa mageti, ambaye hakuwahi kugusa gari ila alikuwa na mkono mtulivu.

Lakini gari halifufuki kwa mkono mtulivu peke yake. Wangare, mke wa Jamleck, alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Kufikia Jumanne hiyo walikuwa wameshageuka kabureta mbili, giaboksi ya gia tano na breki za diski. Wangare sasa alinunua maziwa ya watu wengine na kuyauza kibandani kwake, kazi ambayo ni kama kuosha nguo za jirani na kuanika kwako.

"Boss, sikiza hiyo!" Sitati alipiga kelele injini iliponguruma. "Hiyo si injini, hiyo ni kwaya!"

"Nyamaza, nasikiza valvu," Jamleck alisema, sikio limeinamia bonneti, macho yamejaa machozi aliyosingizia moshi.

Wangare alitokea mlangoni akiwa ameshika mwiko.

"Imewaka?"

"Imewaka, Mama Natalie! Umeisikia?"

"Nimeisikia. Sasa inakamuliwa wapi?"

Sitati alijifanya anatafuta spana. Jamleck alizima injini taratibu, akafuta mikono kwa kitambaa, akarudia ahadi ambayo mkewe aliijua kwa moyo. Ikiwaka tu, itauzwa. Ikiuzwa, ng'ombe wawili watarudi, na wa tatu juu yao.

"Nakusikia," Wangare alisema. "Huyo wa tatu muache kwanza. Niletee wale wawili."

Binti yao, Natalie, alikuwa amechukua video ya sekunde arobaini. Aliiweka kwenye mtandao kabla uji haujapoa. Ndiyo iliyofika kwa Sue kule Naivasha, ndiyo iliyofika kwa Mburu kule Bahati, na ndiyo iliyomfikia mtu mmoja aitwaye Kimeli, ambaye alipiga simu kabla ya hao wote.

*

Kimeli alikuja Alhamisi. Alikuwa mtu wa makamo, viatu safi, mwenye kazi ya kununua magari ya zamani na kuwauzia watu wanaoyakimbiza kwa starehe. Hakuangalia rangi, ingawa Jamleck alikuwa ameisugua tangu alfajiri. Alitoa mfukoni sumaku ndogo iliyofungwa kwa leso, akazunguka gari lote akiigusisha polepole, mlango hadi mlango, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Mahali palipozibwa kwa putty badala ya chuma, sumaku hudondoka. Haikudondoka popote.

"Nani alifanya bodi?"

"Mimi," Sitati alisema, akijiandaa kutukanwa.

"Wewe ni fundi wa magari?"

"Wa mageti."

"Endelea na mageti," Kimeli alisema, "lakini ukichoka nipigie." Sitati aliisimulia sentensi hiyo mtaani kwa mwezi mzima.

Kisha Kimeli akakaa, akakanyaga klachi, akasikiliza injini huku amefumba macho, akataja bei. Milioni mbili na laki mbili. Wangare, aliyekuwa akipita na ndoo, aliiweka ndoo chini ili asiiangushe.

"Logbook?"

Jamleck aliileta hati hiyo ya umiliki katika bahasha ya nailoni. Kimeli aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Kiarie ni wewe?"

"Ni baba."

"Yuko wapi asaini?"

"Amelala Bahati."

"Mwamsheni."

"Amelala tangu elfu mbili na tatu."

Kimeli aliirudisha logbook kwenye bahasha kwa heshima, kama mtu anayefunika maiti. Akaeleza pole pole kwamba gari la marehemu ni mali ya marehemu. Jambo liende kwa chifu, chifu aandike barua ya kuorodhesha warithi, barua iende kortini, warithi wote wasaini. Yeye atangoja mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu mteja wake alitaka gari kabla ya wiki ya mbio za Naivasha.

"Ni saini tu," Jamleck alimwambia mkewe Kimeli alipoondoka. "Mburu na Sue wenyewe waliiita takataka. Nani atakataa kusaini takataka?"

Wangare alimtazama kwa muda. Walikuwa wameoana miaka ishirini na mmoja, na bado mtu huyu aliweza kumshangaza.

*

Mburu na Sue walikuja Jumapili baada ya kanisa, wakiwa na Mama Tabitha katikati yao kwenye teksi kama mzigo usiotakiwa kuvunjika. Mburu alikuwa mzee wa kanisa, na alivaa koti hata kwenye jua. Alikwenda moja kwa moja kwenye Datsun, akafungua mlango, akakaa kwenye kiti kipya bila kukung'uta viatu.

"Gari ya baba," alisema, akashika usukani kwa mikono miwili. "Gari ya baba kabisa."

"Nilitapika hapa nyuma!" Sue alipaza sauti. "Tukienda Subukia! Jamleck hujazaliwa hata! Nilitapika hapa hapa!" Akapigwa picha mahali alipotapika, kutoka pande tatu.

Mama Tabitha aliweka kiganja juu ya bonneti, mahali mume wake alipozoea kuegemea akivuta sigara, akakiacha hapo muda mrefu. Bonneti ilikuwa na joto la jua. Kisha akaingia ndani kumsaidia Wangare kupakua chakula.

Kabla ya kula Mburu aliomba. Alimshukuru Mungu kwa kuifufua gari. Alimshukuru kwa rangi nyekundu, kwa injini, hata kwa mteja. Sitati, aliyekuwa amealikwa kwa heshima ya kazi yake, alifungua jicho moja kuona kama jina la fundi yeyote litatajwa. Mburu akasema amina.

"Chai yenu ni nyepesi, Wangare," Mburu alisema baadaye, akiinua kikombe kwenye mwangaza. "Hapa si palikuwa na ng'ombe? Maziwa imeenda wapi?"

"Iko chini ya bonneti, shemeji."

Sue alicheka peke yake.

Jamleck alikuwa na daftari. Alieleza kwamba mteja yupo, bei ipo, kinachobaki ni saini. Akapendekeza kwamba kwanza atoe gharama zake: vipuri, usafiri wa kwenda Nairobi kuvitafuta, Sitati, na ng'ombe wawili. Kitakachobaki kigawanywe mara nne: mama, Mburu, Sue na yeye.

"Gharama?" Mburu aliuliza, kama mtu aliyesikia neno la Kichina.

"Laki tisa na kitu. Kila risiti iko hapa."

"Nani alikutuma?"

"Vipi nani alinituma?"

"Nauliza tu kama ndugu. Kuna siku tulikaa kikao, mimi, Sue na Mama, tukasema Jamleck, nenda utengeneze gari?"

"Mlisema ni takataka!"

"Takataka ya nani? Si ya baba? Takataka ya baba ni takataka ya watoto wote." Mburu aliegemea kiti. "Wewe ulikuwa unajifurahisha. Miaka mitatu uko kwa nyumba unachezea spana. Mtu akienda kucheza mpira Jumamosi, Jumapili analipwa?"

"Jamleck, usikasirike," Sue alisema kwa sauti ile anayotumia saluni kwake mteja akiungua na dawa ya nywele. "Lakini ni ukweli ulikuwa unaenjoy. Tuliona hata kwa status yako."

"Na ng'ombe za Wangare? Nazo zilikuwa zinaenjoy?"

Hapo wote wakamtazama Wangare, na Wangare akatazama chini, kwa sababu si jambo dogo kuitwa mezani mbele ya wakwe kama risiti.

Mburu alisema hesabu yake ni rahisi: bei yote, mara nne, mwisho. Jamleck alisema hasaini hivyo. Mburu alisema basi naye hasaini vile. Walikunywa chai nyepesi mpaka ikaisha, wakaondoka bila kuagana vizuri. Kwenye kiti kipya cha dereva kulibaki alama mbili za udongo mwekundu wa Bahati.

*

Chifu aliwapokea siku nane kabla ya mwezi kuisha. Ofisi yake kule Bahati ilikuwa na benchi mbili, na familia ilizigawana kwa chuki: Mburu na Sue huku, Jamleck na Wangare kule. Mama Tabitha alipewa kiti cha plastiki katikati.

Chifu alisikiliza upande mmoja, akasikiliza wa pili, akafuta miwani.

"Mimi naandika barua ya kusema warithi ni nani. Mambo ya nani anapata ngapi sijui. Lakini korti ikiona mnagombana, hiyo kesi mtazeeka nayo. Kuna watu hapa wanagombania mti tangu nikiwa shule."

"Jamleck akubali tu, tuuze," Mburu alisema.

"Nirudishiwe ng'ombe kwanza," Jamleck alisema. "Hata risiti zingine niache. Ng'ombe tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kushuka, na ilimgharimu. Wangare alimgusa kiwiko. Hata Sue alitikisa kichwa kidogo kama anayetaka kukubali. Lakini Mburu aliona mtu ameshuka ngazi moja, akafikiri kwamba akisukumwa kidogo atafika chini kabisa.

"Ng'ombe zilikuwa za nani? Si zilikula nyasi ya shamba ya baba?"

"Nyasi alinunua Nakuru!"

"Mbegu ya hiyo nyasi—"

"Basi," Mama Tabitha alisema.

Alikuwa mwanamke wa miaka themanini na mbili aliyezika mume, watoto wawili na dada zake wote, na hakuwahi kupandisha sauti. Hata sasa hakuipandisha.

"Shamba mligawana," alisema. "Ekari mbili mkakata vipande vinne, kutoka barabarani mpaka mtoni. Vyembamba hivi kwamba ng'ombe akigeuka anakuwa kwa jirani. Sikusema kitu. Sasa hii nayo ikateni. Kila mtu achukue chuma yake aende nayo. Mnipe amani."

Mama Tabitha alikunja mikono juu ya mapaja na kungoja. Alikuwa amefikiria maneno hayo tangu Jumapili. Alijua wanawe, au alidhani anawajua. Alingoja mmoja wao apige kelele aseme hapana, afadhali mwenzangu achukue yote kuliko ivunjwe. Alimtazama Mburu, aliyekuwa mkubwa. Alimtazama Sue. Kisha akamtazama Jamleck, na kwake macho yakakaa muda mrefu kuliko kwa wote.

Jamleck aliona macho ya mama yake. Neno lilikuwa limeshafika kooni. Lakini aliona pia mdomo wa Mburu, umepinda upande mmoja, na akajua kwamba Mburu ana hakika kwamba yeye hataweza kuiacha ikatwe.

"Sawa," Jamleck alisema. "Ikatwe."

"Amina," Mburu alisema.

"Kwani inakatwa na nini?" Sue aliuliza.

"Si lazima ikatwe," chifu alisema, akiwa amechanganyikiwa na wakati huo huo akipendezwa, kwa sababu katika miaka kumi na minne ya uchifu hajawahi kupata kesi iliyojimaliza yenyewe. "Mnaweza kuifungua. Mtu achukue sehemu."

Akachana karatasi nne. Jamleck mwenyewe ndiye aliyeulizwa gari lina sehemu gani, akazitaja kwa sauti kavu huku chifu akiandika: injini na giaboksi; bodi; magurudumu, breki na springi; viti, vioo na taa. Karatasi zikakunjwa, zikatiwa kwenye kopo la majani ya chai, kopo likatikiswa. Mburu alitoa injini. Sue alitoa magurudumu. Mama Tabitha alitoa bodi. Jamleck hakuwa na haja ya kufungua yake, lakini aliifungua. Viti, vioo na taa.

"Mungu si Athumani," Mburu alisema, akaweka karatasi ya injini kwenye mfuko wa koti, upande wa moyo.

Wangare alingoja mpaka wakafika nyumbani. Alivua viatu, akavipanga ukutani, akauliza swali moja tu.

"Ungesema hapana, ungekufa?"

Jamleck alikwenda uani akaketi ndani ya gari.

*

Mburu alikuja Jumamosi na pikapu na fundi mwenye nyundo. Jamleck alimtoa fundi huyo nje ya geti. Alisema kama ni kufunguliwa, itafunguliwa na mtu anayejua kila nati inaitwa nani.

Ilimchukua siku mbili kuvunja alichojenga miaka mitatu. Alianza na vioo, akavifunga kwa blanketi. Alitoa waya moja moja na kuzifunga vikaratasi. Nati za injini alizitia kwenye chupa za jamu, akaandika juu yake kwa mwandiko wa karani: mbele kushoto, mbele kulia, usilazimishe. Alimpa Mburu injini ikiwa imefutwa mafuta, mabomba yote yamezibwa kwa kitambaa safi vumbi lisiingie. Mburu alisema, "Vizuri," akaifunika kwa turubai, akaondoka nayo ikigonga-gonga kwenye pikapu kila tuta. Kila ilipogonga Jamleck alifumba macho.

Mama Tabitha alikuja siku ya pili kuchukua bodi yake. Alikaa kwenye kigoda akimwangalia mwanawe akilegeza mlango.

"Nilidhani utakataa," alisema.

"Nilidhani Mburu atakataa."

"Mburu?" Mama alishangaa kweli. "Mburu alijua nini ya hiyo gari? Wewe ndiye uliikumbatia."

Jamleck aliendelea kulegeza. Mlango ulitoka mikononi mwake, mwepesi kuliko alivyotarajia.

"Baba yako alikuwa hivyo," mama alisema. "Afadhali hasara kuliko kushindwa. Nilimpenda, lakini alikuwa mjinga sana."

Bodi ilirudi Bahati kwa lori, ikawekwa nyuma ya zizi. Kuku waliingia jioni hiyo hiyo, kama wapangaji waliotoka likizo.

*

Viti viwili vya Datsun viliwekwa sebuleni. Ni viti vya chini, vya mtu anayeendesha kwa kasi, na mgeni akikaa magoti yalimfika masikioni. Mchungaji alikuja kuwaombea akashindwa kuinuka mpaka Natalie alipomvuta mkono. Taa mbili za mbele zilikaa juu ya kabati la vyombo zikiwatazama wakila. Wangare hakuzifunika. Aliona ni vizuri mtu fulani atazamwe.

Mwisho wa mwezi Kimeli alipiga simu. Jamleck akamweleza kilichotokea. Upande wa pili kulitoka sauti kama ya mtu anayekohoa mbali na simu.

"Kila mtu ako na yake?" Kimeli aliuliza.

"Kila mtu."

"Nipatie namba zao."

Alianza na Mburu. Mburu alikuwa amejaribu kuifunga injini kwenye pampu ya kuvuta maji mtoni, na ilikuwa imekunywa petroli ya wiki nzima kwa saa mbili na kumwagilia kabeji zote pamoja na barabara. Aliuza kwa bei ya pampu ya kawaida akajiona amempunja Kimeli. Sue alikuwa ameweka magurudumu chini ya kitanda, na mume wake alikuwa amechoka kujigonga vidole. Aliuza. Mama Tabitha aliuza bodi kwa sababu aliona haya kuitazama akiwa jikoni. Mafungu yote matatu kwa pamoja hayakufika robo ya ile bei ya kwanza.

Wiki tatu baadaye Kimeli akaja Free Area. Alikaribishwa kwenye kiti cha dereva, sebuleni, akanywa chai.

"Na karatasi?" Jamleck aliuliza. "Korti? Saini?"

"Karatasi ni ya gari, mzee. Vipuri havina karatasi. Mimi niko na Datsun ingine kama hii, imeoza yote, lakini logbook yake ni safi. Mambo ya namba niachie mimi." Akaweka kikombe chini. "Nimebakisha hivi viti, vioo na taa. Naweza kuagiza vingine Japani, lakini vya nini?"

"Kwa hivyo ulijua," Jamleck alisema pole pole. "Ulijua tukigawana utaipata rahisi."

"Mzee, mimi nilileta milioni mbili na laki mbili hapa kwa gari nzima. Mbele ya huyu mama. Mimi ndiye nilisema mgawane?"

Natalie, aliyekuwa akipiga pasi kando, alizima redio.

"Shida yangu ni moja," Kimeli aliendelea, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayeomba. "Mafundi wangu Nairobi wamekaa nayo wiki tatu. Wanasoma vikaratasi vyako. Usilazimishe, usilazimishe. Hawajui. Waya zinawashinda. Nataka uje uifunge. Nakulipa kwa siku kama fundi."

Jamleck alifungua mdomo. Wangare alijua angesema nini: angekubali bure, angekubali hata kulipa nauli yake mwenyewe.

"Hizo ni bei mbili," Wangare alisema.

Kimeli alimgeukia.

"Viti ni bei moja. Mikono ya huyu mzee ni bei ingine. Na haendi popote. Italetwa hapa, ifungiwe hapa."

"Sawa, mathe. Unataka ngapi?"

"Sitaki ngapi. Nataka ng'ombe wawili."

Kimeli alicheka, na alikuwa mtu wa kutoka Njoro aliyekua kati ya ng'ombe, kwa hiyo alicheka kwa heshima. Walibishana vikombe viwili vya chai. Alisema fundi wa ng'ombe wawili hayuko Kenya hii. Wangare alisema basi amtafute huyo wa ng'ombe mmoja Nairobi. Mwishowe wakakubaliana mmoja, mwenye mimba ya miezi saba, viti na vioo na taa zikiwa ndani ya bei hiyo. Kesho yake Wangare alikwenda Njoro mwenyewe. Aliuliza amezaa mara ngapi. Alimshika kiwele, akabonyeza chuchu moja moja, zote nne, akamfungua mdomo akahesabu meno. Kimeli alisimama kando ameshika kofia, akangoja hukumu.

*

Datsun ilirudi chini ya mabati yale yale ikiwa vipande ndani ya lori. Jamleck aliifunga kwa wiki nne. Hakuimba kama zamani wala hakujirekodi. Alifika kazini saa mbili, kazini ikiwa ni hatua kumi kutoka kitandani, na saa kumi na moja aliweka spana chini, kwa sababu ndivyo mtu wa kulipwa anavyofanya. Siku ilipowaka, Sitati hakusema chochote kuhusu kwaya.

Kimeli alikaa ndani, akarekebisha kioo, akatoa noti mbili za elfu moja dirishani.

"Ya soda, fundi. Kazi safi."

Jamleck alizipokea kwa mikono miwili. Gari likatoka getini, likapinda kulia kuelekea barabara ya Nairobi, na yeye akalisikiliza likibadilisha gia, ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka hakukuwa na cha kusikia. Ya tano hakuisikia. Alisimama akiingoja.

Ng'ombe alizaa baada ya wiki tatu, ndama jike. Asubuhi ya kumi Wangare alikuwa akikamua, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe, Jamleck ameshika kamba, simu ilipolia. Ilikuwa Mburu. Jamleck aliiweka kwenye spika kwa sababu alikuwa na mkono mmoja tu.

"Jamleck, bwana asifiwe. Nasikia mlipewa ng'ombe."

"Ni ya kazi, Mburu. Ni malipo ya mikono."

"Sawa. Na hiyo mikono ilikuwa imeshika nini? Si gari ya baba?"

Jamleck alizungusha kamba mkononi.

"Mimi sitaki ugomvi," Mburu aliendelea. "Hata Sue amesema tusikasirikiane. Tunauliza tu kama ndugu."

Wangare hakuacha kukamua. Aliinua uso kidogo ili sauti yake ifike.

"Ni ukweli, shemeji. Warithi mko wanne, na huyu ng'ombe ana miguu minne. Kuja uchague yako."

Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo. Jamleck alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi uso wake ulianza kulegea kuwa kicheko.

"Wangare," Mburu alisema baada ya kufikiri vizuri. "Ule wa nyuma unaenda na kiwele?"